Baba Mkwe Ameleta Alama 214,600

Shangazi Waruguru,

Salamu nyingi kutoka Kaloleni. Najua barua zako nyingi ni za waume waliopotea na wake waliochoka, na hii yangu ukiianza utasema huyu ameleta mchezo, na kweli ni mchezo, lakini mchezo wenyewe unanitoa roho, kwa hivyo nakuomba uisome mpaka chini ndipo unicheke.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, karani katika duka la jumla la vyombo pale Eastleigh, sinywi, sivuti, na makosa yangu yote maishani nimeyafanya kwa sababu ya kile kimashine cha gemu cha mkononi ambacho huku mitaani tunakiita tofali, sijui kama umekiona, kinatoshea kiganjani, kina kioo kidogo cha kijivu na vijitofali vinashuka kutoka juu nawe unavigeuza na kuvipanga, mstari ukijaa unapotea na unapata alama, ukizembea vinajazana mpaka juu na mchezo umekwisha, basi, hakuna kingine, lakini Shangazi mtu akishaanza hata chai inapoa mbele yake. Watu wanadhani ni kitu cha watoto na si kweli, ninaowajua mimi wanaocheza kwa dhati ni watu wazima na akili zao, mafundi, wauguzi, kuna hata katekista mmoja wa Makadara, na kila mmoja wao alikuwa anajificha akidhani yuko peke yake na ugonjwa huo.

Ndipo mwaka jana nikaanzisha gazeti. Linaitwa Sauti ya Tofali, lina kurasa kumi na mbili, linatoka kila mwezi isipokuwa ule mwezi tuliokosa wino, mimi ndiye mhariri, rafiki yangu Jama ambaye ni fundi wa saa ndiye mwandishi wa mambo ya ufundi kwa sababu anajua kuzifungua hizo mashine na kuzifunga tena zikiwa bado zinalia, na anayetupigia taipu kwenye stensili ni Mutheu, mchumba wangu, sekretari katika ofisi moja mjini, msichana ambaye vidole vyake havijui kukosea. Tukishapiga taipu tunarudufu kwa ile mashine ya kuzungusha kwa mkono, wino unatuingia mpaka masikioni, halafu tunabana kwa stepla na kusambaza nakala themanini. Themanini, Shangazi! Na tulianza na tisa. Tuna ukurasa wa betri zinazodumu, ukurasa wa maumivu ya kidole gumba, ukurasa wa barua za wasomaji, na ukurasa ambao ndio roho ya gazeti lenyewe, yaani Orodha ya Rekodi.

Orodha ya Rekodi ina sheria moja na ni kali. Alama za mtu haziingii mpaka mashahidi wawili watu wazima wazione kwa macho yao kabla kioo hakijazimwa, waweke sahihi, kisha Jama apige muhuri ambao aliuchonga mwenyewe kwa raba ya kandambili. Sheria hii sijaivunja hata kwa damu yangu. Kakangu alileta alama elfu sitini nikamkatalia kwa sababu shahidi wa pili alikuwa ameenda jikoni kugeuza chapati, na mpaka leo tukikutana ananisalimia kama askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji. Mimi mwenyewe nilijifuta kwenye orodha kwa sababu shahidi wangu alipiga chafya na akakiri kwamba tarakimu ya mwisho hakuiona. Anayeongoza sasa ni mama mmoja anaitwa Qali, anauza vitambaa Eastleigh na ana watoto watano, alipata 88,420 siku ya harusi ya binamu yake, mashahidi wawili wakiwa juu ya kichwa chake na sambusa za watu zikiungua jikoni.

Sasa nifike kwenye kidonda. Mutheu ni binti wa pekee wa Mzee Ndolo, mchonga vinyago, kibanda chake kiko karibu na Gikomba na nyumba yake iko Jericho, ni mtu wa heshima lakini ni mtu asiyeongea. Tangu nianze kumchumbia binti yake mwaka mmoja na nusu uliopita ameniambia maneno ninayoweza kukutajia yote hapa: akasema "Karibu," akasema "Keti," na siku moja tukiwa tumekaa mvua ikaanza, akasema "Mvua." Mimi nilijua hanipendi na nikazoea.

Mwezi wa nane alinunua koti la mitumba pale Gikomba na ndani ya mfuko akakuta tofali, ile ya zamani yenye vitufe vya manjano. Mutheu akamwekea betri. Shangazi, yule mzee akaanguka humo na hajatoka mpaka leo, ila anacheza akiwa peke yake tu, akiwa kibandani anarudisha mlango, akiwa nyumbani anaenda nayo bafuni mpaka watu wanagonga, hakuna binadamu aliyewahi kumwona akicheza. Tena alianza kusoma gazeti letu, analisoma kutoka juu mpaka chini, anasoma hata marekebisho, na kila mara anamtuma Mutheu maswali, mara muulize huyo bwana kwa nini anasema betri zianikwe juani, mara muulize kidole chake alichoandika kinamuuma kama kimepona, na mimi nikawa namjibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa na kazi ya tahariri.

Basi wiki tatu zilizopita Mutheu akaniletea karatasi kutoka kwa babake, imeandikwa kwa ile penseli nene ya kuchorea magogo, herufi zimenyooka kabisa: "Ndolo. 214,600." Na ujumbe wa mdomo kwamba angefurahi ikiwa kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu Jumamosi ya pili ya Desemba ni siku yangu ya kupeleka nyumbani kwao Mbooni mbuzi wa ntheo, wale ambao kwetu Wakamba wakishapokelewa ndipo watu wanajua rasmi msichana huyu ana mwenyewe, na siku hiyo mzee anataka kubeba gazeti awaonyeshe wazee wa ukoo. Na ameshawaambia.

Shangazi, hiyo mashine ina nafasi ya tarakimu tano tu! Mwisho wake ni 99,999, ukipita hapo inarudi sufuri kama hujafanya kitu. Mtu kukwambia amepata laki mbili ni kama akwambie ameamka saa kumi na tisa. Kila msomaji wangu anajua jambo hili, hata katekista anajua.

Nilimwonyesha Jama ile karatasi, akacheka mpaka springi ya saa ya mtu ikamrukia ikapotea, kisha akasema tuiandike kwa herufi ndogo nyuma kabisa karibu na stepla. Jama hana siri, kesho yake Qali akaja dukani, akasimama mbele ya masufuria na buibui lake, akaniambia, "Mhariri, mimi na huyo mzee hatuna ubaya. Akinishinda nitampigia makofi mimi mwenyewe. Lakini laki mbili? Kwa mashine gani, ya kuhesabia kura? Ukiandika hiyo, jina langu litoe kwenye orodha yako, na sisi wa Eastleigh wote tutakurudishia gazeti lako ufungie vijiko." Na wa Eastleigh ni thelathini na wawili kati ya themanini.

Nikaona nimweleze Mutheu ukweli. Nikamwambia polepole kwamba babake amedanganya. Akachomoa stensili kwenye taipureta, akaikunja, akasema, "Babangu hajawahi kusema uongo. Nenda ukae naye uone mwenyewe." Lakini Shangazi, hilo haliwezekani, kwetu mkwe unakaa naye kiti cha mbali, unajibu ukiulizwa, humzoei, sasa nitaanzaje kumwambia baba mkwe aketi nimtazame akicheza kama mwanafunzi wa darasa la tatu, na nikimkamata uongo mbele ya macho yangu nitauweka wapi uso wangu? Nikamwambia hivyo, akasema basi gazeti lako utalipiga taipu mwenyewe. Tangu siku hiyo napiga kwa vidole viwili na ukurasa mmoja umenichukua siku nne.

Nimefikiria kila njia. Nimefikiria kujiuzulu. Nimefikiria kumwaga wino juu ya tarakimu ya kwanza halafu nisingizie mashine. Nimefikiria kusema gazeti limefungwa mpaka mwakani, lakini Mutheu anajua droo yangu na anajua kila kitu kimo ndani. Nikiandika 214,600, Qali na wenzake wataondoka na gazeti litakuwa kichekesho, na nikikataa, mzee ataaibika mbele ya wazee aliokwisha kuwaambia, mbuzi watarudishwa na mimi nitakuwa nimempoteza Mutheu. Nampenda Mutheu, Shangazi. Nampenda kuliko gazeti, na naandika hivi nikiwa nimefunga mlango kwa sababu sijawahi kumwambia hata yeye kwa maneno hayo. Lakini pia kitu pekee nilichowahi kukijenga mimi, ambacho hakuna mtu aliyenipa, ni ile orodha, na ni safi. Nifanye nini?

Nimeambatisha matoleo matatu ujionee kazi yetu. Tafadhali usichapishe jina langu, maana sitaki mtu yeyote ajue ni mimi.

Wako,
Mhariri Aliyebanwa,
Kaloleni, Nairobi.

*

Mhariri,

Unaniomba nikufiche halafu unaniandikia jina la gazeti, mtaa, duka, kazi ya mkweo na rangi ya vitufe vyake. Sasa nifiche nini kilichobaki? Nairobi hii nzima ina mhariri mmoja wa gazeti la tofali na ni wewe. Bahati yako ni kwamba wachongaji wengi hukutana na gazeti letu likiwa kuukuu, wakifungia twiga wa watalii, kwa hivyo nakupa kama wiki moja kabla Mzee Ndolo hajaisoma barua yako. Itumie vizuri. Naye akifika hapa, Mzee, nakusalimu kwa heshima zote, na endelea kusoma kwa sababu huna kosa lolote.

Kwanza pole, kijana. Kupenda msichana na kupenda kazi yako wakati mmoja kunachosha, na mtu anayekataa kumwandikia kakake alama za uongo ni mtu ninayemheshimu, hata kama ni za matofali. Sikucheki. Nilicheka Jumanne, nimemaliza.

Sasa nikugombeze. Mpiga picha wetu hapa ofisini ana tofali, tena ile ile ya zamani yenye vitufe vya manjano. Nikamwomba nijionee hicho kinachowatoa watu roho. Siku ya kwanza nilipata alama mia tatu na kumi, nikasema nijaribu mara moja tu tena, na nilipoinua macho barua za watu watatu zilikuwa hazijajibiwa na chai yangu ilikuwa na utando. Kuna mama wa Nakuru nilimwandikia amsamehe mumewe na sasa sina hakika ndiye niliyemkusudia. Mama, ukisoma hapa, subiri kwanza usimsamehe.

Lakini nilijifunza kitu ambacho wewe, mhariri mzima, hukijui. Nilimuuliza mpiga picha amepata ngapi, akaniambia elfu tisa na hamsini. Nikatazama kioo nikaona 209,050. Nikamwambia, bwana, wewe umepata laki mbili na zaidi. Akanicheka. Akaniambia ile mbili ya mwanzo si alama, ni mwendo, yaani kasi ya vijitofali kushuka. Katika hizo mashine za manjano namba ya mwendo imewekwa kwenye mstari ule ule wa alama, mbele yake, zimebanana mpaka huwezi kupitisha uzi katikati. Ukicheza kwa mwendo wa pili, mbili inakaa pale kuanzia mwanzo hata kama hujapata kitu. Tarakimu tano za alama zinafuata nyuma yake.

Haya, chukua karatasi ya mkweo. Ondoa mbili. Elfu kumi na nne na mia sita. Ungeumwaga ule wino wako juu ya tarakimu ya kwanza ungekuwa umechapisha ukweli mtupu bila kujua, na ungeenda kanisani kutubu.

Mzee Ndolo hakudanganya. Alinakili alichokiona, namba moja baada ya nyingine, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha namba ipi ni ya nini. Binti yake alikwambia hajawahi kusema uongo, na wewe ukamhukumu kwa mashine ambayo hujawahi kuishika.

Na kwa nini hujawahi kuishika? Nimeyasoma matoleo uliyonitumia. Toleo la tatu, ukurasa wa pili, kwa maneno yako mwenyewe: "Mashine za vitufe vya manjano ni za kizamani na gazeti hili halitapoteza wino juu yake." Wewe! Ati wino! Kurasa mbili nzima za kidole gumba umeziandika, lakini mashine ya mtu mzima haistahili mstari mmoja. Na umeniambia mwenyewe kwamba mkweo anasoma gazeti lako mpaka marekebisho. Basi alilisoma hilo. Alisoma kwamba kitu anachokipenda hakistahili wino wako, na bado akamtuma Mutheu akuulize kidole chako kimepona. Ukamjibu kwa kifupi kwa sababu ya kazi ya tahariri. Hapo ndipo hasira ilinipanda, nikaiweka barua chini nikatembea mpaka dirishani.

Hebu fikiria kidogo. Mtu amekaa mwaka mmoja na nusu hajui aseme nini na kijana anayemchukua binti yake wa pekee. Ametafuta neno, akapata "Mvua." Siku moja anaokota mfukoni kitu ambacho anajua huyo kijana anakipenda, anajifungia nacho bafuni anajifundisha asije akajiaibisha, anasoma gazeti lote, anatuma maswali. Wewe ukasema hakupendi. Huyo anatafuta rekodi? Anakutafuta wewe.

Tena usiniletee habari ya viti vya mbali. Dada yangu ameolewa Kangundo, huko huko kwenu Ukambani, na hivyo viti nimevikalia mpaka kiuno kikauma. Heshima ya mkwe naijua. Mkwe hakaguliwi, hapo umesema kweli. Lakini hakuna mila yoyote inayokukataza kumwomba mkwe akufundishe jambo ambalo hulijui, na hili hulijui, nimekuthibitishia.

Kwa hivyo utafanya hivi. Leo hii, kabla ya kula, nenda kwa Mutheu. Ulimwita babake mwongo mbele yake, naye akachomoa stensili tu badala ya kukuchomoa wewe maishani mwake, kwa hivyo shukuru. Mwombe msamaha bila kueleza sheria za orodha, maana nakuona tayari umefungua mdomo. Kisha yale maneno uliyoniandikia mimi ukiwa umefunga mlango, mwambie yeye. Mimi yamenifikia na sina haja nayo.

Jumapili mkitoka kanisani nenda na Mutheu Jericho. Mwambie mzee hivi: nimeandika ubaya juu ya mashine za manjano na sijawahi kushika hata moja, naomba unionyeshe. Basi. Ataona haya, atasema betri zimeisha. Kwa hivyo beba betri. Akicheza, wewe tazama na unyamaze. Akikusomea alama zake, usiruke kutoka kwenye kiti kama umeketi juu ya jiko. Mwombe tu abadilishe mwendo kabla ya kuanza mchezo mwingine, ili namba ya mbele igeuke peke yake mbele ya macho yake wakati hajapata alama hata moja. Huyo ni mtu anayemtoa twiga kwenye gogo, ataona mwenyewe. Akiona, wewe tazama viatu vyako kwa muda, usimtazame usoni.

Kisha fungua orodha ya pili, ya vitufe vya manjano, na katika ukurasa wa kwanza uwaombe radhi wote wenye mashine hizo, kwa jina lako kamili, hakuna cha Mhariri Aliyebanwa. Mwite Qali awe shahidi, huyo ameshasema kwamba akishindwa atapiga makofi na mimi namwamini. Mwite Jama na kandambili yake. Mpiga picha wetu mwenye elfu tisa na hamsini ndiye mkali kuliko wote wa manjano tunaowajua hapa, na nimemwambia kuhusu elfu kumi na nne na mia sita akakosa raha siku nzima. Mzee akizifikia tena mbele ya mashahidi, ukurasa wa kwanza ni wake na hujadanganya mtu. Asipozifikia, andika atakazopata. Hata zikiwa elfu tatu, ziko mbele yako wewe ambaye huko huna hata sufuri.

Kuhusu wazee wa Mbooni waliokwisha kuambiwa laki mbili, hiyo si kazi yako. Mwachie mwenyewe. Akiwaambia alisoma vibaya na mkwe wake akamwonyesha, hiyo ni sifa yako na yake, na hakuna mzee atakayerudisha mbuzi kwa sababu hiyo.

La mwisho. Sahihi zikishawekwa na muhuri ukishapigwa, utataka kusimama ukimbie ukapige taipu kwa vidole vyako viwili. Usisimame. Mzee ataanza mchezo mwingine, kaa umtazame, umuulize maswali hata kama majibu unayajua. Huyo baba anajua kwamba baada ya Desemba, akitaka kumwona binti yake itabidi abishe mlango wako, na anaogopa kwamba siku hiyo mtakaa hapo mkitazamana bila la kusema. Mpe la kusema kabla hujampelekea mbuzi.

Shangazi Waruguru